Kabla Hazijalowa

Kuna watu ambao ukiwaita kabla hawajapata kifungua kinywa wanakuitikia kwa jicho tu. Fundi makochi wa mtaa wa nyuma ya soko hakuwa wa aina hiyo. Yeye aliamka na uso wake mzuri, akanawa huku anajipigia mluzi, akafungua madirisha, akamsalimia hata paka wa jirani aliyelala ukutani. Kasheshe ilianza akishavuta kiti mezani. Hapo, mpaka bakuli liwe tupu, hata nyumba ingeshika moto angenyoosha kiganja kuwaambia wazima moto: subirini kidogo.

Chakula chenyewe kilikuwa konfleksi. Tena zile za kawaida za mahindi, nyembamba, zilizojikunja kama maranda yanayodondoka chini ya benchi la seremala. Asiletewe za chokoleti, wala zile zenye zabibu kavu, wala zile za rangi rangi za watoto. Aliwahi kuonja zilizopakwa asali, akasema zinajipendekeza.

Boksi la karatasi hakuliamini hata kidogo. Kwake boksi lilikuwa nguo ya kusafiria tu. Likifika nyumbani, konfleksi zilihamishiwa kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko wa kubana, kopo ambalo ukilifungua linalia kama mtu aliyeshtuliwa. Maziwa yalitoka kwenye friji yakiwa na baridi ya kuuma meno. Sukari, hapana. Bakuli la bati, jeupe, ukingo wa buluu, pana chini. Na kulikuwa na utaratibu. Kwanza unakaa. Kijiko kinakuwa mkononi. Hapo ndipo maziwa yanamiminwa. Mtu anayemimina maziwa halafu ndiyo anaondoka kwenda kutafuta kijiko, kwa Fundi hakuwa na tofauti na mtu anayepaka gundi kwenye kiti halafu ndiyo anaenda dukani kununua kitambaa.

Maziwa yakishamwagwa, ni mbio. Kra, kra, kra. Kichwa kizima kinavuma, macho yamefumba nusu, na uso umetulia kama wa mtoto anayekunwa mgongo. Kilichokuwa kinamkimbiza ni kitu kimoja: zisije zikalowa. Konfleksi iliyolowa, kwake, ilikuwa sawa na karatasi ya ukutani iliyonyeshewa.

Haya mambo hakuyaokota barabarani. Alikulia katika nyumba ya chumba na pazia. Baba yake alikuwa mlinzi wa usiku, anarudi alfajiri, analala nyuma ya pazia hilo, na mbele ya pazia ndipo meza ilipokuwa. Mama alikuwa anawapangia watoto mabakuli, kisha anaweka kidole midomoni. Kutafuna ruksa, kusema marufuku. Kwa hiyo ile sauti ya kra kra ndiyo ilikuwa sauti pekee waliyoruhusiwa, na wakaifanya mashindano: nani atatafuna kwa kishindo zaidi bila kucheka. Siku moja, katikati ya mashindano, sauti nzito ya usingizi ikatoka nyuma ya pazia: "Huyo wa mwisho ndiye mshindi." Wote wakaganda, na mama akalazimika kutoka nje kwenda kucheka. Tangu siku hiyo Fundi alijua kwamba kimya cha asubuhi si kimya cha kununa. Nyuma yake kuna mtu anasikiliza.

Mke wake wa kwanza, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa maneno asubuhi. Alikunywa chai yake amesimama dirishani, anaangalia watu wanaoenda kazini. Binti yao alizaliwa akakuta mambo yako hivyo, akakua, akaolewa mji mwingine. Katika miaka yote hiyo hapakuwa na mtu aliyesema, "Nyumba hii hatuongei wakati wa konfleksi." Ilikuwa kama ule mlango wa uani uliohitaji kuinuliwa kidogo ndipo ufunguke: wenyeji wanauinua bila kufikiri, na anayehangaika nao ni mgeni.

Mgeni akaja. Alikuwa msusi, mwenye saluni yake karibu na kituo cha polisi, na alikuja kwenye karakana ya Fundi amebeba kiti cha saluni kilichopasuka. Fundi alipokuwa anakigongea, yeye alikaa pembeni anaongea. Aliongea juu ya mteja anayelia akisukwa na mteja anayelala akisukwa, juu ya kioo chake kinachowanenepesha watu, juu ya jirani anayefuga jogoo asiyejua saa. Fundi akawa anacheka mpaka misumari inamdondoka midomoni. Kiti kilichohitaji misumari michache kikaondoka pale kama nungunungu, kwa sababu kila alipokaribia kumaliza, mama yule alikuwa katikati ya kisa na mtu hamalizi kazi katikati ya kisa. Wote wawili walikuwa watu wazima, hawana muda wa kuzungushana. Wakaoana bila makelele, na Msusi akahamia kwa Fundi na mabegi yake, kioo chake na domo lake tamu.

Asubuhi ya kwanza alikaa mezani na bakuli lake. Na hapo Fundi aliona jambo ambalo lilimfanya ageuze macho pembeni, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenzake anaoga. Msusi alizimwagia konfleksi maziwa ya moto. Ya moto! Akatia sukari, akakoroga, akaziacha zikae mpaka zikawa rojo. Kisha, wakati anasubiri, akaanza maongezi.

"Jana nimeota ndoto, Fundi, weee! Amekuja mteja, nywele zake hazina mwisho. Nasuka, nasuka, nywele zimeshatoka mlangoni..."

Fundi ndiyo kwanza alikuwa amemimina maziwa. Akanyanyua kiganja, akatikisa kichwa kwa upole, akaendelea. Kra, kra, kra. Alipomaliza akasimama, akaosha bakuli, akafuta mikono, akarudi mezani na tabasamu pana kuliko meza yenyewe.

"Haya, mke wangu! Umeamkaje?"

"Nimeamka zamani," akajibu Msusi, na rojo lake lilikuwa limepoa.

Kesho yake akajaribu tena. "Fundi, gesi inakaribia kuisha." Kiganja. Keshokutwa: "Leo utapita sokoni?" Kiganja. Ni kweli kwamba mtungi mpya wa gesi ulikuwepo jikoni kabla ya jioni, lakini Msusi akadhani imetokea tu. Akapunguza maneno. Akabaki na "Habari za asubuhi." Mwisho hata hiyo akaimeza pamoja na rojo.

Na hapa Fundi wetu, mtu mwenye akili zake timamu, akafanya kosa. Alifurahi. Alimwambia jirani yake wa karakana, fundi funguo, huku anasugua mbao za kochi: "Mke wangu ameshaizoea nyumba, bwana. Siku hizi tunakula kimya kimya, raha mustarehe. Utadhani tumeoana toka utotoni."

"Una bahati," akasema fundi funguo. "Wangu hata akilala anaendelea kuongea."

Bahati gani! Msusi alikuwa amewahi kuolewa huko nyuma, na ukimya aliujua kama anavyojua vidole vyake. Yule mume wa kwanza alianza vivyo hivyo. Akanyamaza mezani, akanyamaza sebuleni, mpaka siku moja kabati likakutwa halina nguo za kiume. Sasa huyu wa pili anaongea na fundi funguo, anaongea na wateja, anaongea na paka wa ukutani; ila yeye, uso wa kwanza anaouona asubuhi, anamnyanyulia kiganja kama askari wa barabarani anayezuia lori. Msusi akajumlisha mwenyewe. Huyu bwana amejutia. Na safari hii, akajiapia, hatasubiri kukuta kabati tupu. Atalifungua yeye.

Dada yake Msusi alikuwa dobi, mwanamke wa mikono minene na sauti ya kusikika ng'ambo ya pili. Mchana mmoja akaingia karakanani na furushi la mashuka kiunoni.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji! Karibu. Leo umeniletea kochi au umeniletea umbea?"

"Nimekuletea swali. Weka nyundo chini, lisije likakuangukia mguuni."

Fundi akacheka, lakini nyundo akaishikilia. "Uliza."

"Mdogo wangu amekukosea nini?"

"Mke wangu? Hajanikosea kitu."

"Sasa mbona humsemeshi?"

"Mimi? Mimi, shemeji? Mimi ninayeambiwa na watu nipunguze mdomo?"

"Asubuhi humsemeshi. Anakuamkia, unamwonyesha kiganja. Mtu anakupa habari, unampa kiganja. Sisi kwetu kiganja tunawapa mbwa wa watu." Akashusha furushi. "Sasa sikiliza, na hili hujaambiwa na mimi, kwa sababu nimeapa sikuambii. Ameniomba nimtolee nafasi chumbani kwangu. Kesho akifunga saluni haji kwako. Anakuja kwangu, na sanduku lake."

Nyundo ikabaki hewani. Fundi aliangalia mlango, akaangalia kochi, akaangalia mikono yake.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "zinalowa."

"Nini zinalowa?"

"Konfleksi. Ukiongea, zinalowa."

Dobi alimtazama. Akamtazama tena, kama anavyotazama doa asilolijua limetokana na nini. Kisha kicheko kikampanda kutoka kwenye magoti, akashindwa kusimama, akajitupa kwenye kochi lililokuwa nyuma yake. Kochi hilo halikuwa na sponji bado. Akazama kwenye springi mpaka magoti yakamfika kidevuni, na huko ndani aliendelea kucheka. Ilibidi fundi funguo aitwe, wakamvuta huyu mkono huu, huyu mkono ule.

"Mtanivunja, nyie!" akapiga kelele, machozi yanamtoka. Aliposimama akaitengeneza kanga yake, akachukua furushi, akamnyooshea Fundi kidole. "Mimi usinieleze, mimi silali kwako. Kamweleze mwenyewe. Na umweleze leo!"

Fundi alifunga karakana mapema. Msusi alipoingia jioni alimkuta amekaa sebuleni bila kuwasha redio, na hilo peke yake lilimtia wasiwasi. Sanduku lilikuwa limesimama kando ya kabati, limefungwa mikanda. Hakuna aliyelitaja.

"Mke wangu, kaa kidogo. Nataka nikuambie kwa nini asubuhi huwa siongei."

Msusi akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba ungali begani.

"Ni konfleksi."

"Ni nini?"

"Konfleksi. Zikishaguswa na maziwa zina muda mfupi sana. Ukifungua mdomo kuongea, huku nyuma zinalowa. Sasa mimi nawahi ili..."

"Fundi." Msusi alinyanyua kiganja. Ilikuwa mara yake ya kwanza. "Ungeniambia kuna mwanamke mwingine, ningejua pa kuanzia. Konfleksi nikagombane nazo wapi? Mimi si mtoto wa kudanganywa. Kama umenichoka, sema umenichoka, kila mtu alale."

"Sijakuchoka!"

"Basi ni konfleksi," akasema Msusi, akaingia chumbani. Kutoka sebuleni Fundi alimsikia anafungua droo na kuifunga, anafungua na kuifunga. Alikaa pale akijirudia maneno yake, na kila alipoyarudia yalizidi kuwa ya kipuuzi. Angekuwa yeye ameambiwa hivyo, asingeamini pia.

Asubuhi ikafika. Msusi alikaa mezani, kwa sababu si adabu kuondoka kwenye nyumba ya mtu kama umefukuzwa. Akajitengenezea rojo lake bila kuinua macho. Kopo la biskuti likalia. Konfleksi zikashuka bakulini kwa ule mlio wake mkavu, Fundi akakaa, akashika kijiko, akamimina maziwa.

Kisha akaweka kijiko mezani.

Msusi aliusikia mlio wa kijiko kikigusa mbao, akainua macho. Mume wake alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtoto wa shule.

"Nimalizie ile ndoto," akasema.

"Ndoto gani?"

"Ya mteja mwenye nywele zisizo na mwisho. Uliishia pale zilipotoka mlangoni."

Msusi alisahau kukoroga. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia. Na ya gesi nilikusikia, si nilileta mtungi? Siku ile uliuliza kama nitapita sokoni, nilipita. Uliponiambia jogoo wa jirani amekosea saa tena, nilikusikia, na nilicheka moyoni. Kinywa ndicho kilikuwa na kazi. Masikio yalikuwa yako."

Ndani ya bakuli konfleksi zilikuwa zimeanza kulegea pembeni. Fundi hakuziangalia. Yaani alijitahidi, jicho moja lilimponyoka, akalirudisha.

"Basi," akaanza Msusi, pole pole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, "nywele zikatoka mlangoni. Nikasema siwezi kumwacha mteja hajaisha, nikazifuata huku nasuka. Zikapita kituoni, polisi akasimama akazipisha..."

"Akazipigia saluti?"

"Alizipigia saluti! Umejuaje? Zikavuka barabara, magari yote yamesimama. Zikaingia sokoni..." Akasita. "Fundi, zinalowa."

"Ziache. Zikaingia sokoni, halafu?"

"Zinazama kabisa."

"Zizame. Halafu?"

Msusi aliangalia bakuli, akaangalia uso wa mume wake, na aliyoyaona usoni hapo alishindwa kuyatafutia jina. Mtu huyu alikuwa anateseka kweli. Jasho jembamba lilikuwa juu ya mdomo, shingo imekaza, na bado masikio yameelekezwa kwake mazima. Akaendelea kusimulia, na sasa sauti yake ya saluni ilikuwa imerudi.

"Nikafuata mpaka mwisho wa nywele. Unajua nilimkuta nani amezishika huko mwisho? Wewe! Umekaa karakanani kwako, unazijaza ndani ya kochi la mtu. Nikakuambia, wewe baba, hizo ni nywele za mteja wangu! Ukaniangalia hivi, ukasema: nilidhani umeniletea mimi."

Fundi alicheka mpaka meza ikatikisika. Alicheka kwa ajili ya ndoto, na kwa ajili ya zile asubuhi zote ambazo mwisho wa ndoto hiyo ulikuwa umekaa hapo mezani, unapoa na rojo. Kisha, akiwa bado anacheka, akachota kijiko akatia mdomoni.

Hapakuwa na kra. Hapakuwa na mlio wowote. Fundi akaacha kutafuna. Uso wake ukawa wa mtu aliyekanyaga maji akiwa amevaa soksi.

Msusi akamkodolea macho. "Kumbe kweli," akasema. "Jamani, kumbe kweli!" Akajifunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakaanza kutikisika, na Fundi akaogopa, akidhani analia, mpaka alipomwona ameegemea kiti, hana nguvu kwa kicheko. "Mwanaume mzima! Konfleksi! Na mimi nimefunga sanduku!"

"Lifungue," akasema Fundi, mdomo ungali umejaa.

"Meza kwanza."

Akameza. Akachota kijiko kingine, akameza, na kingine, mpaka akalimaliza bakuli lote la karatasi ya ukutani mbele ya mke wake, bila kukunja uso zaidi ya mara ilizobidi. Msusi alipotoka kwenda saluni, sanduku lilikuwa bado kando ya kabati, ila mikanda yake ilikuwa inaning'inia. Kwa dada mtu, ile nafasi iliyotolewa chumbani ikajazwa mashuka ya watu.

Lakini mapenzi ni kitu kimoja na kifungua kinywa ni kingine, na Fundi alijua hataweza kumeza rojo kila siku iendayo kwa Mungu. Mchana huo alikaa karakanani amekunja uso. Kisha akachukua kipande cha mbao, akakikata kwa mshazari, huku kirefu, huku kifupi. Akakipiga msasa. Akatafuta mahameli ya buluu iliyobaki kwenye kochi la bwana mmoja mwenye duka, akakivika vizuri, kingo zimekunjwa ndani, misumari haionekani.

Fundi funguo akachungulia. "Hicho ni nini, kiatu?"

"Ni cha mke wangu."

"Mke wako ana mguu mmoja?"

"Ana mambo mengi ya kusema."

Fundi funguo alirudi kwenye funguo zake.

Siku ya kwanza kile kipande kilipowekwa chini ya bakuli, mshazari wake ulikuwa mkali mno, maziwa yote yakamshukia Fundi mapajani, na Msusi akapata kisa cha kuwasimulia wateja wiki nzima. Fundi akakirudisha karakanani, akaupunguza mshazari. Siku ya pili ukakaa sawa. Bakuli likaegemea upande: juu kilima cha konfleksi kavu, chini bwawa dogo la maziwa baridi. Unasukuma chache bwawani, unachota, kra, unameza, unajibu. Zilizobaki zinasubiri kilimani, wala hazina habari.

Hivyo ndivyo wanavyokula mpaka leo. Msusi amejifunza kupanga maneno yake, akifika penye utamu anasema, "Tafuna kwanza umalize, hapa nataka unisikie vizuri." Fundi naye amejifunza kusema asubuhi, ingawa mwanzoni alikuwa hajui watu husema nini saa hizo, na alianza kwa kueleza bei ya sponji. Anachelewa kufungua karakana. Wateja wakimkuta mlango umefungwa, fundi funguo anawaambia wakae, jamaa yuko maongezini.

Juzi Fundi alikumbuka jambo la maana sana, akasimamisha kijiko. "Hivi mke wangu, yule mteja wako anayelia..."

Msusi, ambaye alikuwa ameinamia bakuli lake linalofuka moshi, hakuinua kichwa. Alinyanyua kiganja.

"Subiri," akasema. "Zinapoa."

Fundi akasubiri.